“Super” ya Weston-super-Mare si supa

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeajiriwa kutunza wazee katika mji wa Weston-super-Mare, Uingereza. Nyumbani wananitania kwamba nimehamia “Weston Supa”. Siku ya kwanza, kwenye kituo cha treni Bristol, nilitaja jina lote na mwishoni nikasema “ma-re”. Karani akabaki ananitazama. Wenyeji wenyewe husema Weston tu. Jina hili maana yake nini hasa? Linatamkwaje? Kwenye barua na fomu niliandikeje, na nikiwaandikia watu wa nyumbani kwa Kiswahili niseme nini?

Jibu:

Dada, kwanza watoe wenzako kwenye hiyo “supa”. Ni kweli kwamba super ya mji wako na ile ya supamaketi na supastaa zina shina moja, lakini kwenye jina la mji haisifu kitu. Ni kihusishi cha Kilatini, na kazi yake ni kuonyesha mahali: super ni “juu ya” au “kwenye”, mare ni bahari. Jina zima linamaanisha Weston iliyo kwenye bahari. Hakuna ubora wala ukubwa uliodaiwa humo, na aliyeliandika kwa mara ya kwanza hakuwa anautangaza mji. Alikuwa anatenganisha kijiji kimoja na vingine kwenye orodha.

Weston yenyewe si Kilatini. Ni Kiingereza cha kale, maneno mawili yaliyoshikana: west, magharibi, na tun. Hili la pili mzungumzaji wa Kiswahili hulielewa upesi kuliko Mwingereza wa leo, kwa sababu limepita njia ileile iliyopitwa na neno letu boma. Tun ilianza kwa maana ya ua au uzio, ikawa makazi yaliyomo ndani ya ua, ikawa kijiji, na mwisho ikazaa neno la Kiingereza la leo la mji. Boma nalo lilianza kuwa ua wa miti na miiba, likawa makazi, likaishia kuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Basi Weston ni “boma la magharibi”.

Magharibi mwa nini? Jina la namna hii kwa kawaida hutolewa na majirani. Hakuna anayeishi magharibi mwa kwake mwenyewe. Aliyeko mashariki ndiye anayenyoosha kidole na kusema “wale wa boma la magharibi”, na kadiri miaka inavyokwenda hata wenyewe wanaanza kujiita hivyo. Kwa kuwa kila mtaa wa Uingereza ulikuwa na magharibi yake, wakazaliwa akina Weston wengi nchi nzima. Dira imekamilika pande zote: Sutton ni boma la kusini, Norton la kaskazini, Easton na mara nyingi Aston la mashariki.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Dayosisi ya Bath na Wells, ambayo mji wako umo ndani yake, ilikuwa na Weston kadhaa. Iko moja pembeni mwa Bath. Iko Weston-in-Gordano karibu na Portishead. Iko Westonzoyland kwenye nyanda za chini upande wa kusini, na Weston Bampfylde mbele zaidi. Karani wa askofu anayeandika nani kapewa kanisa gani hakuweza kuandika “Weston” akaishia hapo. Katika kumbukumbu za enzi ya Ralph wa Shrewsbury, aliyekuwa askofu kuanzia 1329 hadi 1363, kijiji chako kinaonekana kwa jina la Weston super Mare mwishoni mwa miaka ya 1340. Kabla ya hapo kiliwahi kuandikwa Weston juxta Mare, na juxta ni “kando ya”. Kilatini kilitumika kwa sababu ndicho kilichokuwa lugha ya maandishi ya Kanisa, kama vile Kiarabu kilivyokuwa lugha ya makadhi wa pwani yetu hata pale washitaki na washitakiwa walipokuwa wakizungumza Kiswahili.

Kwa hiyo wenyeji kusema Weston tu si uvivu wa siku hizi. Wavuvi na wakulima wa karne ya 14 hawakuwa na haja ya kukumbushana kwa Kilatini kwamba bahari iko pale. Super Mare ilikuwa ya kwenye karatasi, Weston ilikuwa ya mdomoni, na mgawanyo huo umedumu hadi leo. Angalia majina ya taasisi unazopita kila siku: hospitali ni Weston General Hospital, chuo ni Weston College, gazeti la mji ni Weston Mercury. Lakini jimbo la uchaguzi ni Weston-super-Mare, klabu ya mpira ni Weston-super-Mare AFC, na mwandishi Jeffrey Archer alipopewa cheo cha ubwana mwaka 1992 akawa Baron Archer wa Weston-super-Mare. Panapohitajika mkazo wa kiserikali, au panapokuwa na watu wa mbali wanaoweza kuchanganya, jina linavaa kanzu yake yote. Nyumbani linavaa shuka.

Sasa turudi kwenye super, maana hapa ndipo tafsiri za Kiswahili hukosea. Kamusi itakuambia “juu ya”, nawe utaandika “Weston Juu ya Bahari”. Kwa Kiswahili kilicho juu ya bahari ni jahazi, au shakwe anayeruka. Kilatini hakikukusudia hivyo. Super ikifuatwa na nomino iliyo katika umbo la mtendwa (Kilatini hubadilisha umbo la nomino kulingana na kazi yake kwenye sentensi) huweza kumaanisha “kwenye ukingo wa” kitu, na makarani wa zama za kati waliitumia hivyo hata kwa miji ya kandokando ya mito. (Mare hapa iko kwenye umbo hilo. Huioni tofauti kwa sababu ni nomino isiyo ya kike wala ya kiume, ambayo haibadiliki kutoka mtenda kwenda mtendwa. Kwenye umbo la kuonyesha kutoka mahali ingekuwa mari.) Wasomaji wa Bujumbura na Lubumbashi wanaojua Kifaransa watalitambua umbo hili mara moja: Boulogne-sur-Mer ni jina la mtindo uleule, na sur na mer zenyewe ni super na mare zilizosagwa na vinywa vya karne nyingi.

“Weston ya Baharini” nayo haikai sawa, maana aliye baharini yuko majini. Neno lenyewe tunalo, ni pwani, na ukilifungua utaona linaufaa mji huu kuliko hata Kilatini chake. Pwani imetokana na kitenzi kupwa pamoja na -ni ya mahali: ni pale maji yanapopwa. Weston inapakana na Mlango wa Bristol, ambao ni kama faneli iliyoigeuzia Atlantiki mdomo wake mpana. Maji yakiingia yanabanwa kuelekea koo la mto Severn, yanapanda. Yakitoka yanatoka kwelikweli. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapo inapita mita 11. Tanga uliyoizoea, bamvua lake ni mita 3 hadi 4. Kwa kuwa ufuko wa Weston una mteremko mdogo sana, maji yakipwa yanarudi nyuma kiasi cha kilomita moja na nusu, yanabakiza mchanga upande wa juu na tope la kahawia upande wa chini. Muda mrefu wa siku, mji ulioitwa “kwenye bahari” unaitazama bahari kwa mbali kama mtu anayemtazama mdeni wake. Ndiyo asili ya utani wa Waingereza utakaousikia kazini: Weston-super-Mud, yaani Weston ya Topeni. Ukiusikia cheka tu, wenyeji wenyewe huutumia.

Utani huo una upande wa hatari. Usilichukulie tope lile kama matope ya mikoko ya kwetu ambayo mtu huyavuka akiokota chaza. Juu hukauka likawa kama sakafu, chini ni laini kama uji, na mguu ukizama hadi gotini, kuuvuta huku unaegemea mwingine kunauzamisha wa pili. Wakati huohuo maji yanarudi upesi. Mabango ya onyo yamewekwa ufukweni. Ukiwa na mzee wako kwenye kiti cha magurudumu, au na watoto, bakini kwenye mchanga mkavu. Anayetaka kuogelea huangalia jedwali la maji kwanza, au huenda Marine Lake, ghuba ndogo iliyozibwa kwa ukuta mwishoni mwa miaka ya 1920 ili maji yasikimbie. Kujengwa kwa ukuta ule ni kama kukiri kwamba super mare ni kweli kwa saa chache tu.

Tuje kwenye matamshi. Ulichokisema kwa karani, “ma-re”, kilikuwa Kilatini kizuri. Vokali zetu zinakaribiana mno na za Kilatini, na Mwitaliano angekuelewa. Waingereza ndio walioyaacha matamshi hayo. Wao hulisoma neno hili kama lile la Kiingereza la farasi jike: silabi moja inayotelezea mwishoni. Andika kichwani kama mea, lile lile la mbegu kumea, lakini usilikate vipande viwili. Lianze kwa me na umalizie kwa a hafifu. Super inakuwa suupa. Weston hutamkwa Westən, silabi ya pili ikimezwa, wala usiseme “ton” kama tani. Uzito wa jina zima unaangukia neno la mwisho: Westen-suupa-MEA. Ukikutana na mzee wa Somerset, kaunti ya huko, wa lahaja ya zamani atakuongezea r inayosikika mwishoni, ulimi ukiwa umekunjwa nyuma. Huna haja ya kumuiga, ila usidhani anataja mji mwingine.

Kituoni Bristol huhitaji yote hayo. “Weston” inatosha mbele ya karani wa tiketi wa hapo, kwa sababu ndiyo Weston pekee yenye uzito kwenye mstari ule. Isipokuwa jambo moja: kuna kituo kingine ndani ya mji kiitwacho Weston Milton, na si kila treni husimama hapo. Kwenye mashine au simu, hakikisha umechagua Weston-super-Mare. Kifupi chake cha reli ni WSM. Kumbuka pia kwamba kituo kikuu kiko kwenye tawi linalojitenga na njia kuu ya Bristol kwenda Exeter kisha likairudia, tawi lililofunguliwa 1884. Si kila treni iendayo upande huo hupinda kuingia mjini, kwa hiyo usipande kwa kuona tu kwamba inaelekea Exeter. Na kituo kilicho kabla ya Weston Milton ukitokea Bristol, Worle, usikisome kama kilivyoandikwa. Hutamkwa karibu na “weel” yenye vokali ya katikati ya mdomo, “Wo-rle” haitaeleweka.

Maandishi yana kanuni yake, na wengi huikosea hata Waingereza. W kubwa, s ndogo, M kubwa, na vistari viwili vifupi bila nafasi: Weston-super-Mare. Super inabaki ndogo kwa sababu ni kihusishi, kama on na upon kwenye miji mingine. Ukiandika Weston-Super-Mare hakuna atakayekurudishia barua, lakini jicho la mhariri litaliona. Usijaribu kuigeuza kanuni hii ya vistari kuwa sheria ya nchi nzima: Stratford-upon-Avon inavyo, Newcastle upon Tyne haina. Kila mji unakaririwa kivyake.

Kwenye bahasha, baada ya jina, namba ya nyumba na mtaa, mstari wa mji huandikwa wote kwa herufi kubwa, WESTON-SUPER-MARE, na msimbo wa posta peke yake chini yake. Misimbo ya huko huanza na BS22, BS23 au BS24. Hapa ndipo wageni huteleza: BS ni ya Bristol, basi wanaandika Bristol kama mji. Usifanye hivyo. Bristol ndiyo iliyotoa herufi, lakini mji wa posta ni Weston-super-Mare wenyewe, na kuchanganya miji miwili kwenye anwani moja ndiko kunakoleta usumbufu benki inapolinganisha karatasi zako. Jina la kaunti si lazima kwenye barua. Fomu ikilidai, Somerset inakubalika. Ikikuuliza halmashauri, ni North Somerset, iliyopo tangu 1996. Kati ya 1974 na 1996 eneo lilikuwa chini ya kaunti ya Avon, ndiyo maana kwenye nyaraka za wazee unaowatunza utalikuta jina hilo. Si kosa la mwandishi.

Fomu za kompyuta nyingine hukataa vistari. Weka nafasi mahali pake, WESTON SUPER MARE, kisha hakikisha mkataba wa kazi, benki na daktari wanalo umbo moja. Cha kuepuka ni kufupisha kuwa “Weston” kwenye anwani. Ndani ya mji utaeleweka, lakini dereva wa mizigo anayetafuta kwenye ramani anaweza kuletewa ile ya Bath au ile ya Gordano, zote hazizidi mwendo wa saa moja kutoka kwako, na mzigo ukazunguka Somerset siku nzima.

Sasa Kiswahili chako. Jina lenyewe usilitafsiri kwenye anwani wala kwenye sentensi ya kawaida: “Naishi Weston-super-Mare” na baada ya hapo “Weston” tu. Usiseme “katika Weston”. Majina ya miji kwa Kiswahili hayahitaji kihusishi, kama usivyosema unaishi “katika Tanga”. Wala usibandike -ni. Ukitaka kuitaja kama mji sema “mjini Weston”, na upatanisho ni wa i-: Weston ina baridi, Weston yetu. Mtoto akikuuliza maana yake, mwambie Weston ya Pwani. Hapo umetafsiri mare, umetafsiri super kwa kile kiambishi -ni kilichomo ndani ya neno, na umesema na ukweli wa maji.

Ukishalizoea la kwako, Uingereza itakufungukia kwa majina ya ndugu zake. Kilatini cha makarani kimebaki kwenye ramani pengi kusini-magharibi: Stoke-sub-Hamdon, humohumo Somerset, ni kinyume cha super yako, maana sub ni “chini ya”, na kilima cha Hamdon kiko juu yake kweli. Lyme Regis ya Dorset ni Lyme “ya mfalme”, cheo cha 1284 enzi za Edward I. Bognor Regis ilipewa regis yake mwaka 1929 tu na George V. Toller Porcorum ni Toller “ya nguruwe”, na watu wanaishi huko bila aibu. Bradwell ya Essex, iliyokuwa Bradwell-juxta-Mare, ilibadilishwa kuwa Bradwell-on-Sea. Mingi ya miji ya -on-Sea ni ya karne ya 19, reli ilipoanza kubeba watu wa viwandani kwenda kuota jua na kila kijiji cha ufukweni kikataka kuvutia abiria. Weston nayo ilikua kwa reli: mwanzoni mwa karne hiyo ilikuwa na nyumba kama 30, treni ikafika 1841. Tofauti ni kwamba haikulazimika kujitungia jina la biashara. Ilikuwa nalo tayari kwenye daftari la askofu, kwa lugha iliyoonekana ya kisomi.

Jumapili ukipata nafasi, tembea ufukweni kuelekea kusini hadi kijiji cha Uphill, maji yakiwa yamepwa. Kila mgeni husoma jina hilo kama “kupanda mlima”, na kanisa kuukuu lililo juu ya kilima linamdanganya zaidi. Lakini kwenye daftari kuu la ardhi la 1086 limeandikwa Opopille, na hilo ni uppan na pyll za Kiingereza cha kale: “juu ya hori”, lile hori la maji ya chumvi linaloingia pale kijijini ambamo mashua hukaa kwenye tope zikisubiri maji. Uppan ni kazi ileile ya super. Wakulima walilisema kwa lugha yao jambo lile ambalo karani alilisema kwa Kilatini karne mbili na nusu baadaye, mwendo wa nusu saa kutoka hapo.